Traiki ya kiti kimoja: kilo zipi ziondolewe?

Ukiitazama kwa mbali ikiwa angani, waweza kudhani ni kishada kikubwa kilichokatika uzi. Chini ya bawa la kitambaa ameketi mtu mmoja katika kiti chenye magurudumu matatu, na nyuma yake injini ndogo yazungusha rafadha. Hiyo ndiyo traiki nyepesi, ndege ambayo uzito wake, kabla ya rubani na mafuta, unakaribiana na ule wa pikipiki ya bodaboda.

Kila anayeibuni hukabiliwa na swali moja: ni kilo zipi zinazoweza kuondolewa, na ni zipi ambazo zikiondolewa rubani huenda asirudi nyumbani?

Tanga lililogeuka bawa

Asili ya bawa hilo ni kazi ya mhandisi wa Kimarekani, Francis Rogallo, na mkewe Gertrude, ambao mwaka 1948 waliomba hataza ya bawa laini lisilo na mifupa mizito. Katika miaka ya 1960 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lililijaribu kama njia ya kurejesha vyombo vyake ardhini, lakini likaamua kuendelea na miavuli. Wapenzi wa michezo ya angani ndio waliolichukua, na baadaye wakalifungia kiti, injini na magurudumu.

Anayelijua jahazi hatapata taabu kulielewa. Fito mbili za alumini huanzia puani na kutanuka kuelekea nyuma; ya tatu, katikati, ndiyo mkuku; na nyingine hukingama kuzitanua. Juu yake huwambwa kitambaa cha poliesta, kama tanga, kikipewa umbo na mbavu nyembamba.

Rubani ndiye usukani

Traiki haina mkia. Kiti na injini huning'inia kutoka sehemu moja ya mkuku, na rubani hushika fimbo iliyoungwa na bawa. Akiisukuma mbele, uzito wake hurudi nyuma, pua hupanda na mwendo hupungua. Akiivuta kwake, pua hushuka na mwendo huongezeka. Akiisukuma kulia, chombo hugeuka kushoto. Aliyezoea ndege ya kawaida hulazimika kujifunza upya, kwani mkono wake utamdanganya.

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba hufanya kazi pale tu uzito unapolivuta bawa kuelekea chini. Pua ikiinuliwa mno kisha ikaanguka ghafla, kiti chaweza kuelea kwa nukta chache, na hapo rubani hana tena cha kuongozea. Bawa laweza kubiruka na kuvunjika. Ndiyo maana sarakasi za angani haziruhusiwi kwa traiki.

Mbunifu hujikinga kwa njia mbili. Kwanza, hulipinda bawa ili ncha zake zipokee upepo kwa pembe ndogo kuliko katikati. Pili, hufunga kamba nyembamba zinazozuia ukingo wa nyuma usilegee chombo kinapopiga mbizi. Pale kiti kinaponing'inia, huongezwa waya wa akiba endapo boliti itakatika. Vitu hivyo vina uzito mdogo sana, na katika safari ya kawaida havionekani kuwa na kazi. Ni kilo zisizoguswa.

Hesabu ya wepesi

Wepesi wenyewe ni kinga. Chukua mfano wa traiki ya kilo 115, rubani wa kilo 80 na mafuta ya kilo 14. Jumla ni kilo 209. Zikigawanywa kwa bawa la mita za mraba 15, kila mita hubeba kilo 14 hivi. Katika Cessna 172 iliyojaa mzigo, kila mita hubeba karibu kilo 70. Kwa hiyo traiki yaweza kutua kwa mwendo mdogo zaidi, na mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu ya kishindo hupungua hadi robo.

Wepesi huo una gharama yake: upepo ambao Cessna hauihisi sana waweza kuiyumbisha traiki vibaya. Ndiyo maana marubani wengi huruka alfajiri au jioni, hewa ikiwa imetulia.

Sheria zasemaje?

Kilo 115 si namba ya kubahatisha. Tangu mwaka 1982, Marekani huruhusu ndege ya kiti kimoja isiyozidi takriban uzito huo, yenye mafuta yasiyozidi lita 19, kurushwa bila leseni ya urubani, ila mchana tu na si juu ya maeneo yenye watu wengi. Mwavuli wa kuokoa chombo hauhesabiwi katika uzito huo, kwa hiyo mbunifu hana kisingizio cha kuuacha.

Uingereza ilifuata mwaka 2007 kwa kikomo kama hicho, na mwaka 2014 ikakilegeza. Lakini huko kilichoondolewa ni ukaguzi wa lazima wa ubunifu wa chombo. Rubani bado anahitaji leseni. Anayetaka kuruka Kenya au Tanzania hana budi kuuliza kwanza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika.

Serikali inapoacha kukikagua chombo, kazi hiyo haitoweki. Humwangukia anayekaza boliti asubuhi, ambaye mara nyingi ndiye atakayekaa katika kile kiti kimoja.