Taa za Kariakoo na samaki wa Rufiji: bwawa linabadilisha nini mtoni?

Jioni ikiingia Kariakoo, maduka ya Mtaa wa Kongo na Msimbazi yanawasha taa kwa pamoja. Umeme wa gridi hauwekwi stoo. Watu wakiwasha, lazima mtambo uzunguke mahali fulani saa hiyohiyo, na siku hizi mara nyingi mahali hapo ni Bwawa la Julius Nyerere, Mto Rufiji. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mapema 2024. Uwezo wake wote ni megawati 2,115.

Maji yakishazungusha mtambo hushuka kwa mvuvi wa Mloka na Utete. Je, samaki wake watakuwa walewale?

Kabla ya bwawa, mto ulifuata mvua. Masika ulifurika na kuingia kwenye maziwa ya pembeni kama Zumbi, Ruwe na Utunge. Kambale walipanda hadi kwenye majani yaliyofunikwa na maji, wakataga humo. Perege jike hubeba mayai mdomoni, lakini watoto wake wanahitaji maji tulivu ya kina kifupi ili wakue. Mto ukirudi chini, ziwa linabaki limejaa samaki. Kwa hiyo mafuriko ya kiasi si adui wa mvuvi, ingawa mkulima wa mpunga anaweza kubisha. Mwaka ambao mto haufiki ziwani, ziwa linapungua na nyavu zinatoka tupu.

Bwawa hupunguza kufurika huko. Pia tope linatua nyuma ya ukuta, na tope ndilo rutuba ya mashamba ya bondeni na ya mikoko ya delta, wanakokulia kamba.

Marekani wameliona hili kwa miaka mingi. Bwawa la Glen Canyon, kwenye Mto Colorado, lilianza kuzuia maji mwaka 1963. Maji yaliyotolewa kutoka kina kirefu yalikuwa baridi na meupe. Samaki wa asili, waliozoea maji ya joto yenye tope, wakapungua. Trauti, samaki wa maji baridi aliyepandikizwa, akastawi, na watu husafiri mbali kwenda kumvua kwa ndoano. Mwaka 1996 wahandisi walifungulia maji mengi kwa makusudi, wakiiga mafuriko, ili kurudisha mchanga kingoni.

Rufiji haitapata trauti, kwa kuwa bonde lile ni la joto mno. Lakini hoja ya kufungulia maji kwa kupanga inatuhusu, kwani yakifunguliwa bila watu kujiandaa ni hatari. Aprili 2024 mvua zilikuwa kubwa, bwawa likalazimika kuachia maji, na sehemu za Rufiji na Kibiti zikafunikwa.

Mvuvi mwenzangu, mto wa chini ya bwawa unaweza kupanda hata kama kwenu jua linawaka. Chomeka mti wenye alama kingoni, uutazame kabla ya kushusha mtumbwi. Usilale kwenye kisiwa cha mchanga. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lilipo bwawa lenyewe, uvuvi bila kibali hauruhusiwi. Na kwenye mkutano wa kijiji, ulizeni mambo mawili: taarifa ya kufunguliwa maji inamfikiaje mtu aliye mtoni, na masika ijayo maziwa yatapewa maji kiasi gani?