Midway ilishakufa, lakini jina lake bado linawaka kwenye televisheni za Katana

Katika vyumba vya play vya Katana, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Goma, umeme ukiwepo vijana wanakaa wawili wawili mbele ya televisheni, kila mmoja na maneti yake. CD ya Mortal Kombat ikiingia ndani ya PlayStation 2, mchezo hauanzi papo hapo. Kwanza yanapita majina na alama. Kati yake kuna jina Midway. Wengi wanabonyeza kidude ili lipite haraka, juu wanataka kupigana.

Kumbe hilo jina ni la kampuni isiyokuwepo tena. Midway Games, ya mji wa Chicago kule Marekani, ilijitangaza mbele ya mahakama kwamba imefilisika mwezi wa Februari 2009. Watoto waliozaliwa mwaka huo leo ni vijana, na wanacheza mchezo wa nyumba ambayo ilishafunga milango.

Sasa hizi nembo, ambazo wengi huita logo, zinafanya kazi gani pale mwanzo?

Kazi ya kwanza ni kuonyesha mwenye mali. Mchezo mmoja hupita katika mikono mingi. Kuna mwenye kutengeneza mashine, kama Sony. Kuna kampuni inayotoa mchezo, yaani inayolipa gharama na kuuza. Kuna studio, ndiyo watu wanaochora na kuandika programu. Tena kuna wenye vifaa vilivyotumiwa: GTA San Andreas ya mwaka 2004, kwa mfano, ilijengwa kwa kifaa kinachoitwa RenderWare, kazi ya kampuni nyingine ya Uingereza. Mara nyingi mapatano kati yao ndiyo yanasema nembo ya nani itaonekana na itakaa wapi. Njo maana kuna nembo ambazo hazikubali kuruka hata ukibonyeza namna gani.

Kazi ya pili ni ya kawaida tu: wakati nembo inaonekana, mashine inaweza kuwa inasoma CD na kutayarisha mchezo.

Midway haikuanza na Mortal Kombat. Ilizaliwa mwaka 1958, ikitengeneza mashine za kuchezea ambazo mtu alikuwa anatia sarafu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, ndiyo iliyouza Space Invaders na Pac-Man kule Marekani, kwa ruhusa ya Wajapani waliovitunga. Mwaka 1992 ikatoa Mortal Kombat, kazi ya kikundi kidogo kilichoongozwa na Ed Boon na John Tobias. Boon aliandika programu, Tobias alichora. Ile alama ya joka ndani ya duara, ambayo kila mchezaji anaijua, ni mkono wa Tobias.

Hata hapo, nembo ilianza kuchanganya watu. Mwaka 1993 mchezo huo ulipoingia katika mashine za nyumbani, uliotoa haikuwa Midway. Ilikuwa kampuni nyingine, Acclaim, iliyokuwa imepata ruhusa. Mchezo ni uleule, wapiganaji ni walewale, lakini jina la mbele ni lingine. Acclaim nayo ilifilisika mwaka 2004.

Kampuni ikifilisika, vitu vyake vinauzwa ili wadai walipwe. Kwa Midway, vitu vya bei hasa havikuwa meza na kompyuta. Vilikuwa haki: jina Mortal Kombat, wapiganaji kama Scorpion na Sub-Zero, programu, na lile joka. Mwezi wa Julai 2009, Warner Bros. ilinunua sehemu kubwa ya mali hiyo kwa karibu dola milioni 33. Ed Boon na wenzake wa Chicago waliendelea na kazi chini ya tajiri mpya, na mwaka 2010 studio yao ikaitwa NetherRealm. Mortal Kombat ya mwaka 2011 ilitoka bila jina Midway mbele. Joka lilibaki.

Na Tobias, aliyelichora? Yeye alikuwa ameshaondoka Midway miaka mingi mbele ya hapo. Alichora akiwa mfanyakazi, na kwa sheria ya Marekani kazi ya namna hiyo inahesabika kuwa ya tajiri. Kwa hiyo joka likauzwa pamoja na nyumba, na mchoraji hakuwa na la kusema katika biashara hiyo.

Hapo ndipo habari hii inagusa Katana. Vijana wa kwetu wanachora nembo za maduka, wanapiga video za arusi, wanarekodi nyimbo katika studio ndogo. Mara nyingi mapatano ni ya mdomo tu. Siku mwenye studio akihama ao akiuza mashine zake, nyimbo zilizomo ndani ya kompyuta zinabaki za nani?

Nchini Kongo sheria iko. Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na ile namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 inahusu pia alama za biashara. Lakini mbele ya sheria, mtu lazima aonyeshe kitu. Karatasi moja inayotaja nani alitunga, nani alilipa, tarehe gani, na kazi itatumika wapi, yenye saini za pande mbili, ina nguvu kuliko mashahidi kumi wanaosema "mimi nilikuwepo". Na kopi ya kwanza ya kazi isibaki kwa mwenye studio peke yake: mtunzi naye achukue yake, aiweke mahali pazuri.

CD za zamani hazibadiliki. Zitaendelea kuandika Midway mpaka zikwaruzike zishindwe kusoma. Lakini leo hii haki za kutoa Mortal Kombat nyingine ziko mikononi mwa mwingine, na ni karatasi ndizo zilizomfanya awe mwenye mali.