Mwanao anaandika hadithi za Pokémon? Zisome kabla ya kuzifuta

Mzazi anachukua simu aliyomwazima mwanaye kwa ajili ya masomo. Badala ya maswali ya hesabu anakuta kurasa kwa kurasa za maandishi: viumbe wanaotema moto, miji isiyo kwenye ramani yoyote, mtoto anayeondoka nyumbani alfajiri na begi mgongoni. Wazo la kwanza linalomjia ni kwamba mtoto anapoteza muda. La pili ni kufuta.

Asifute. Kwanza asome.

Alichokikuta ni hadithi ya shabiki. Mtoto amecheza gemu au ametazama katuni, ikaisha kabla hamu yake haijaisha, akaamua kuiendeleza mwenyewe. Kati ya gemu za kukusanya viumbe, Pokémon ndiyo inayojulikana zaidi. Ilitoka Japani Februari 1996. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alipenda kukamata wadudu alipokuwa mdogo na alitaka watoto wengine nao waonje raha hiyo. Jina lenyewe ni ufupisho wa maneno yenye maana ya mazimwi ya mfukoni. Wapo wazazi wanaoshtushwa na hilo, ingawa wengi wao walikua wakisimuliwa zimwi linalomeza kijiji kizima, na walilala vizuri tu. Viumbe hao walianza wakiwa 151, na sasa wamepita 1,000.

Kinachowavuta watunzi wadogo ni jinsi gemu hizo zilivyoachwa wazi. Mtoto anaaga nyumbani, anachagua kiumbe mmoja kati ya watatu, kisha anasafiri mji kwa mji akishindana na wenzake. Yeye mwenyewe hasemi karibu neno lolote. Mama anamuaga kwa maneno machache. Baba, katika gemu zile za kwanza, haonekani kabisa.

Kwa anayecheza, hilo ni jambo dogo. Kwa anayeandika ni pengo linalotaka kuzibwa. Baba yuko wapi? Alikufa, alisafiri, au ana familia nyingine? Mama anapata usingizi kweli huku mwanaye yuko porini? Mtoto wa darasa la sita hujibu maswali hayo kwa kutumia anachokijua, na anachokijua ni nyumba yenu.

Mfano mzuri ni kiumbe anayeitwa Cubone. Ni mdogo, mpweke, na kichwani amevaa fuvu la mama yake aliyekufa. Analia kwa kumkumbuka, na kilio chake hutoa mwangwi ndani ya fuvu hilo. Katika gemu ya kwanza mama huyo aliuawa na genge la wezi wa viumbe, na mzuka wake hautulii mpaka mchezaji aukabili. Mtoto aliyefiwa na mama au bibi anaweza kushindwa kusema lolote anapoulizwa sebuleni mbele ya wageni, lakini akaandika kurasa kumi kuhusu Cubone.

Wapo pia wanaocheza kwa sharti gumu zaidi, kwa mtindo uitwao Nuzlocke uliotokana na michoro ya mtandaoni ya Nick Franco mwaka 2010. Kwa kawaida kiumbe aliyeshindwa huzimia tu na kutibiwa. Katika mtindo huu huhesabiwa amekufa, na mchezaji hana ruhusa ya kumtumia tena. Mashabiki wengi huandika safari hizo kama hadithi, na msiba haukosi. Mzazi akikuta sura nzima ya mazishi ya ndege wa kwenye gemu, asidhani moja kwa moja kwamba mwanaye ana tatizo. Huenda alifuata tu kanuni za mchezo.

Je, kuandika kunasaidia afya ya akili? Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo waliandika kuhusu mambo mazito yaliyowapata, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Miezi iliyofuata, walioandika kwa undani walikwenda kliniki ya chuo mara chache kuliko wenzao. Lakini mara tu baada ya kuandika, wengi walijisikia vibaya zaidi. Na hao walikuwa watu wazima wakiandika maisha yao wenyewe. Hadithi ya Pokémon haitibu huzuni, ila inaweza kumfungua mtoto.

Kinachohitaji hatua ya haraka ni mambo yanayojirudia: mhusika anayetaka kufa au kujiumiza katika kila hadithi, mtu mzima anayemshika mtoto kwa siri, mtoto anayeogopa kurudi nyumbani. Hapo muulize kwa utulivu, mkiwa wawili tu, bila kumtuhumu kwamba amekosea kuandika. Kisha tafuta mshauri nasaha au mhudumu wa afya. Tanzania na Kenya zote zina huduma ya simu kwa mtoto, namba 116.

Hatari nyingine haiko kwenye hadithi, iko mahali inapowekwa. Majukwaa makubwa ya hadithi za mashabiki, kama FanFiction.Net, Wattpad na Archive of Our Own, hayaruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kufungua akaunti. Humo kazi za watoto na za watu wazima ziko chini ya paa moja, zikitenganishwa na alama za umri tu. Katika Archive of Our Own, hadithi ya ngono huanza na onyo, na onyo hilo linapitwa kwa kubonyeza mara moja. Mtoto wa miaka 11 aandike kwenye daftari, awasomee ndugu zake. Mkubwa zaidi atumie jina la kubuni, asitaje shule wala mtaa, asiweke picha yake. Maoni ya wasomaji yanaweza kufungwa. Na msomaji anayemsifia sana kisha akamwomba wahamie WhatsApp, azuiwe siku hiyo hiyo.

Usingizi nao una haki yake. Wataalamu wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa mwenye miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa mwenye 13 hadi 18. Sura mpya inaweza kusubiri kesho.

Kuhusu fedha, Sungura na Fisi hawana mwenyewe, kila bibi huwasimulia atakavyo. Pikachu ana mwenyewe, na kampuni yake ina wanasheria. Mtoto asiuze hadithi hizo. Akitamani kuuza, abuni kiumbe wake, ampe jina lake na mto wake wa kuishi.

Mzazi akiomba kusomewa, aache kwanza kusahihisha herufi kubwa na nukta. Aulize: "Huyu kwa nini hakurudi kwao?" Akisema hataki kusoma mbele yako, mwache. Muulize tu kiumbe wake anaitwa nani, na kama atakuwa hai sura ijayo.