LANGO LA KUTOKEA

Mzazi anapompeleka kijana wake katika nyumba ya upataji nafuu, ambayo wengi huiita soba hausi, macho yake yote huwa kwenye lango la kuingilia. Hutafuta ada, hununua godoro na ndoo, huwachangisha jamaa. Na akishamkabidhi mwanawe hupumua kama mtu aliyetua mzigo. Sisi twaona kwamba lango la kuangaliwa zaidi ni lile la kutokea.

Tueleze sababu. Mtu aliyezoea heroini, yaani unga, akiuacha ghafula, mwili hulipiza kisasi. Huanza kwa kamasi na machozi, kisha kuhara, kutapika, mifupa kuuma na usingizi kutoweka. Ndiyo arosto. Hukaza siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi hupungua ndani ya juma moja hivi. Mgonjwa hudhani anakufa, lakini ni nadra kufa kwa arosto. (Mlevi wa pombe ni habari nyingine. Aliyekunywa kutwa kwa miaka mingi akikatizwa ghafula aweza kushikwa na degedege na kuweweseka, hata kufa. Huyo apelekwe hospitali kwanza, wala asifungiwe chumbani na watu wasio na dawa.)

Baada ya miezi kadhaa ndani ya nyumba, mwili umekwisha kusahau unga. Hamu haijasahau. Kijana akirudi kijiweni kwake, akatumia kipimo kile kile alichokimudu zamani, kipimo hicho chaweza kuzima pumzi zake. Kwa hiyo majuma ya mwanzo baada ya kutoka yana hatari kubwa, nayo ndiyo majuma ambayo jamaa husema, "Amepona," wakaacha kumwangalia.

Hatuzidharau nyumba hizi. Zile zilizoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 2000 zilisimamishwa na watu waliokuwa mateja wenyewe, wanaozijua hila zote za teja. Hufuata hatua 12, zilizotokana na chama cha walevi walioacha pombe kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Mtu aliyetemewa mate na mtaa mzima hukaa kikaoni akamsikia mwenzake aliyekwisha kuacha, naye huanza kuamini kwamba yawezekana. Hilo haliuzwi dukani. Lakini ada hulipwa na jamaa, nayo ikikwisha, mgonjwa hutoka, awe tayari au asiwe tayari. Tena ugonjwa huu hurudi. Mfanyakazi wa kima cha chini atauza nini safari ya tatu?

Wengine, chini ya ulevi wao, wanaumwa akili: wana huzuni isiyowaachia, au husikia sauti. Nyumba isiyo na tabibu wa akili huuona ugonjwa huo kuwa ni kiburi. Na nyumba imfungayo mtu kwa mnyororo, tusiiite tiba.

Iko njia ya pili. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni. Mgonjwa hainunui dawa hii. Huinywa kila siku mbele ya mhudumu, kisha hurudi kwake. Wapo wanaoibeza, hata miongoni mwa walioacha, wakisema ni kubadilisha unga kwa unga. Hatukubaliani nao. Kipimo kikiwa sawa, methadoni huzuia arosto bila kumlewesha mtu, humpa nafasi ya kufanya kazi, na hupunguza vifo. Anayetoka soba hausi na kuanza kuteleza aelekezwe huko mapema, pasipo kuaibishwa.

Lakini kila siku maana yake ni kila siku. Kibarua anayetakiwa langoni mwa kiwanda alfajiri, na kliniki asubuhi ile ile, huchagua kimoja. Akichagua dawa, jina lake hufutwa; akichagua kazi, twajua atakakoishia. Hapa ndipo tunapowageukia ninyi, ndugu viongozi wa matawi ya wafanyakazi. Mmekwisha kudai nauli, sare na likizo ya uzazi. Daini pia kwamba mfanyakazi mwenye cheti cha kliniki apangiwe zamu ya mchana, na kwamba aliyelazwa miezi minne akitoka akute nafasi yake ingalipo. Nauli ya kila siku nayo iingizwe katika madai hayo, kwani dawa ya bure iliyo mbali ina bei yake.