Mwanga Unaofichua Dhahabu Bandia

Ulaghai wa dhahabu bandia si jambo geni mjini Kampala. Mara kwa mara polisi huwatia mbaroni watu wanaouza shaba iliyopakwa maji ya dhahabu, hali mnunuzi amekwisha kupoteza mali yake. Jicho la askari, hata liwe kali namna gani, haliwezi kuona kilichomo ndani ya kipande cha madini. Kwa hiyo yafaa askari waielewe njia ya kupima madini kwa mwanga wa leza.

Msingi wake ni rahisi. Chumvi ikiangukia motoni, ndimi za moto hugeuka manjano. Shaba huzifanya kuwa kijani. Kila elementi ina rangi zake, kama kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Leza hulipiga jiwe kwa muda mfupi mno, na chembe yake ndogo hugeuka wingu lenye joto la zaidi ya digrii 10,000. Mwanga wa wingu hilo ndio unaosomwa na mashine. Pigo likirudiwa mahali pale pale, ganda jembamba la dhahabu hutoboka, na shaba iliyo chini yake huonekana.

Tangu mwaka 2012 chombo cha Marekani kiitwacho Curiosity kimepima kwa njia hii mawe ya sayari ya Mirihi, yaliyo umbali wa hadi mita 7.

Hata hivyo, njia hii ina kasoro. Pigo moja hutofautiana na jingine, na aina ya jiwe huweza kuipotosha hesabu. Wataalamu huirekebisha kwa kupiga mara mbili mfululizo ili mwanga uongezeke, kwa kungoja kitambo mpaka mng'ao wa kwanza ufifie, na kwa kuilinganisha mashine na vipande vilivyokwisha kupimwa barabara.

Marekebisho hayo yana uzito mkubwa kwa eneo letu. Desemba 2010, wakuu wa nchi za Maziwa Makuu, Uganda ikiwemo, walikubaliana mjini Lusaka kupambana na biashara haramu ya madini. Kipimo kibaya huweza kumfunga mfanyabiashara asiye na hatia, au kumwachilia mlanguzi ambaye fedha zake hununua bunduki.

Basi askari atakayekabidhiwa mashine ya namna hii aijaribu kwanza kwa kipande kinachojulikana, na kielelezo kifikishwe maabara, kama ile ya idara ya migodi iliyoko Entebbe, kabla ya kesi kusikilizwa. Mashine hueleza kilichomo. Haielezi kimeibwa kwa nani. Uchunguzi huo ni kazi ya askari mwaminifu.