Ua la Mlimani Ndani ya Kopo

Akiwa mjini Mbale, asubuhi isiyo na mawingu, mtu huuona Mlima Elgon ukiwa umesimama upande wa mashariki. Huko juu, kuelekea kilele cha Wagagai chenye mita 4,321, huota kati ya mawe maua madogo yenye majani ya manyoya meupe, ambayo hata yakichumwa hayanyauki upesi. Wako wanaoyang'oa na mizizi yake wakayapanda mbele ya nyumba zao, Mbale na hata Jinja. Hayadumu.

Sababu yake si uchawi wala mkono mbaya wa mpandaji. Mtu akipanda mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Jinja iko mita 1,100 na ushei. Basi ua lililozoea usiku wa baridi kali hujikuta limeongezewa digrii 18 au zaidi, na mvua ikituama kwenye udongo mzito mizizi huoza. Tena, upande wa Uganda mlima huo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993. Kung'oa mimea humo bila ruhusa ni kosa, na haimpendezi mwenye sare.

Liko ua jingine la mawe, la zambarau, litokalo misitu ya Usambara, Tanzania. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao, na leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Halikuzoea barafu, bali kivuli na unyevu. Kwa hiyo hustawi Jinja.

Mama wa nyumba aombe kwa jirani jani moja lenye kikonyo, alichomeke katika mchanga mbichi kivulini. Baada ya miezi miwili hivi vichipukizi hutokeza. Kopo la samli litobolewe chini kwa msumari, liwekwe kokoto unene wa vidole viwili, kisha udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza kabisa. Maji yamwagwe udongoni, si majanini, kwani maji baridi huacha mabaka. Na kidole kikigusa unyevu, yasimwagwe. Kopo lisikae juani, maana bati huchemka kuliko udongo wa bustani.

Amri ya uhamisho ikifika, kopo hutiwa kapuni pamoja na vyombo, na jani jingine huachiwa jirani.