Ulimi Uliotengenezwa Upya

Wazee wetu husema kwamba ulimi hauna mfupa. Madaktari nao wakubali: ulimi ni misuli mitupu iliyofumana, na ndiyo maana hugeuka kila upande. Tutaje tu jina la Kasapa, penye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Herufi k yatoka kwa sehemu ya nyuma ya ulimi, na s kwa sehemu ya mbele. P peke yake ni kazi ya midomo. Na tonge la bukari, ulimi ndio unaolisukuma mpaka kooni.

Basi, mtu akipatwa na saratani ya ulimi, mara nyingi hana budi kukatwa sehemu yenye ugonjwa. Pengo likiwa dogo, daktari hulishona tu. Likiwa kubwa, hulijaza kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1979 daktari Stephan Ariyan wa Marekani alieleza jinsi ya kutwaa ngozi na msuli wa kifua, bila kuvitenga na mishipa yao ya damu, na kuvipitisha chini ya ngozi ya shingo mpaka kinywani. Mwaka 1981 wapasuaji wa China walitangaza njia ya kutwaa ngozi ya mkono pamoja na mishipa yake, ambayo huungwa na mishipa ya shingo kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Njia hii yataka darubini. Ile ya kifua haiitaki, kwa hiyo yafaa hata penye vyombo vichache.

Lakini tusidanganyike. Nyama hiyo haionji chumvi, wala haijisukumi yenyewe. Kazi yake ni kujaza kinywa, ili ulimi uliobaki upate msaada. Mgonjwa huanza upya kama mtoto. Kwanza hulishwa kwa mpira upitao puani. Kisha hufundishwa kuketi wima, kutia chakula kidogo, kuzuia pumzi, kumeza, halafu kukohoa. Maji matupu mara nyingi ndiyo ya hatari kwake, maana hukimbia upesi, yakaingia njia ya pumzi na kuleta ugonjwa wa mapafu. Uji mzito kidogo huteremka polepole. Usemi nao hurudi kwa mazoezi ya miezi mingi, na pengine haurudi wote.

Hapa ndipo kazi ya jamaa inapoanza. Baba akirudi kutoka hospitali, asiachwe kula peke yake uani kwa kuwa mate yamtoka. Watoto wasimcheke. Redio izimwe anaposema, wala tusimmalizie maneno yake. Kilichokatwa ni ulimi, si akili wala heshima yake.

Tena tujihadhari mapema. Tumbako ni adui wa kinywa, na ikiungana na lutuku hatari huzidi sana. Kidonda cha ulimi, au doa jeupe au jekundu, lisilopona kwa majuma matatu, lionyeshwe kwa daktari hata kama haliumi. Kadiri kinachokatwa kilivyo kidogo, ndivyo mtu abakivyo na sauti ya kuwaita watoto wake kwa majina.